Miche ya Shina la Kijani

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nikimwagilia miche hapa Bungoma simu ilipolia ndani ya mfuko wa aproni, na jina lililotokea lilikuwa la Mama Cherop wa Kapsokwony. Nilifikiri anataka kuagiza. Aliyeandika alikuwa binti yake. Mama amefariki Jumapili, aliandika, tunazika Ijumaa, na kwa vile jina lako liko juu kabisa kwa simu yake, tumeona afadhali ujue. Nilienda. Wakati wa hotuba, mwenye kuongoza shughuli aliuliza kama kuna mtu aliyefanya biashara na marehemu, na wanawake wawili wa kanisa lake wakageuka wakanitazama mpaka nikasimama. Nilishika kipaza sauti, nikasema naitwa Wairimu, na kwamba nilimuuzia mama huyu miche kwa miaka mingi. Baada ya hapo sikupata la kusema, nikaketi. Wanawake wale wawili walijua yaliyobaki. Hawakuyasema, nami nimekuwa nikiyabeba tangu siku ile, kama mtu aliyetumwa dukani akarudi mikono mitupu.

Siku hizi huwa naitwa kwenye semina za vijana wanaouza vitu mtandaoni. Huja na simu nzuri kuliko yangu na kuniuliza nilifanyaje mpaka watu wa Malakisi, Kachibora na kule juu mlimani wananiamini ilhali wengi wao hatujawahi kuonana. Nawaambia wajibu mapema, waweke picha ya kitu chenyewe wala si picha ya kuokota, wamjue mtu kwa jina lake. Wanaandika. Yote ni kweli, lakini nikiyasema nachoka, mwili wote, kama mtu anayesimulia ugonjwa wake kwa mara ya mia. Nilijifunza kazi hii kwa mwaka mmoja tu, huko Kitale, kabla sijafika miaka thelathini, na sehemu kubwa nilijifunza kwa kuikosea.

Bwana wangu wa kazi aliitwa Simiyu. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyevaa gambuti na koti la kanisani siku zote za wiki, na hakufungua lango asubuhi kabla ya kuomba. Alikuwa na shamba la miche nje kidogo ya mji, na alichojulikana nacho ni pasheni. Pasheni tamu, ile ya zambarau, ina udhaifu mmoja: mzizi wake hushikwa na ugonjwa wa udongoni, ukakauka mti mzima ukiwa na matunda. Kwa hiyo hukatwa kichwa chake kikaunganishwa kwenye shina la pasheni ya njano, ambayo mzizi wake ni mgumu. Kazi hiyo ya kuunganisha ilifanywa na mzee mmoja, Barasa, aliyeketi kwenye kreti la soda na kisu kidogo chembamba, akifunga kila mche kwa utepe wa nailoni. Mimi niliajiriwa kukaa dukani, katika chumba cha mabati kilichonuka samadi na mifuko mipya ya plastiki. Mezani palikuwa na kalenda, birika la chai, na kuanzia Januari ile, simu ya kupangusa.

Simu hiyo Simiyu aliileta ikiwa bado ndani ya boksi. Mtu wa mjini alikuwa amemfungulia ukurasa mtandaoni, akamwandikia kwenye karatasi sentensi saba za kuwajibu wateja. Nilitakiwa nizinakili zilivyo. Asante kwa kuwasiliana nasi. Miche yetu ni bora na imeunganishwa kitaalamu. Karibu tena. Nilizinakili kwa siku kumi hivi, nikaona kazi ni rahisi. Kisha ikaingia meseji ya sauti. Nilisikia jogoo kwanza, halafu mwanamke akisema bila haraka: "Habari ya asubuhi. Mimi ni mama Cherop, niko Kapsokwony. Huku imenyesha tangu jana. Sasa huko kwenu je?" Nikamtumia sentensi ya pili kwenye karatasi, ile ya ubora. Sauti ikarudi baada ya dakika moja. "Sijauliza miche. Nimekuuliza kama mmepata mvua. Ama naongea na mashine?"

Nilicheka peke yangu mle chumbani. Nikabonyeza nikamwambia kwa sauti yangu kwamba hapana, Kitale hatujapata mvua, kuna mawingu tu. Akasema itakuja, ng'ombe wake wameanza kukimbia ovyo. Hakuuliza bei siku ile wala siku iliyofuata. Alikuja kuuliza wiki ya pili, na kufikia hapo nilishajua ana robo ekari ya viazi anayotaka kuibadilisha, ana binti mmoja shuleni, na anaishi na mama yake mzazi ambaye mguu wake ulikuwa umevimba. Karatasi ya sentensi saba niliifanya mfuniko wa kikombe.

Kuanzia hapo nilianza kujibu watu kama nilivyomjibu yeye. Kulikuwa na Baba Nafula wa Malakisi, aliyechoka na tumbaku iliyokuwa ikimkohoza, ambaye aliandika kwa herufi kubwa tupu kama mtu anayepiga kelele ng'ambo ya mto, ingawa alikuwa mtu wa aibu sana. Kulikuwa na akina mama wa Kachibora waliotumia simu moja watu sita, hivyo nililazimika kuuliza kila mara leo naongea na nani. Nilikumbuka nguzo za nani zililiwa na mchwa na nani alipanda karibu mno na ua la jirani. Nilipokosa jibu nilitoka na simu hadi kwa Barasa, naye akajibu bila kuinua kichwa, nami nikawaambia kwamba hilo si langu, ni la mzee Barasa. Wakaanza kumsalimia Barasa. Wakaanza kujibizana wenyewe kwa wenyewe, mtu wa Malakisi akimfundisha mtu wa Kachibora jinsi ya kukaza waya ambao pasheni hutambaa juu yake. Simiyu mwanzoni alinung'unika. Kwetu kule Bungoma, alikotoka yeye, watu huiweka l mahali pa r, naye akaniambia, "Wairimu, mteja anataka jibu halaka, na wewe unamuuliza habari ya ng'ombe." Lakini oda zilipoanza kuja aliacha kunung'unika, akawa anaichukua simu saa ya chakula kwenda nayo hotelini kuwaonyesha wenzake.

Nimesema "kwetu kule Bungoma", na wakati huo hapakuwa kwetu. Ndivyo mtu anavyozeeka mahali.

Mvua za Machi zilipoanza, watu waliotaka miche walikuwa wengi kuliko mikono ya Barasa. Alikuwa akila ugali wake kwa mkono mmoja huku mwingine ukishikilia mche. Siku moja mwanzoni mwa Aprili nilikuwa nyuma ya duka nikiosha sufuria ya mboga ya mrenda, na Simiyu alikuwa upande wa pili wa mabati akiongea na mtu kwa simu. Alikuwa akisema kwamba hata kama chini si ya njano, alete tu, nani atakayepasua shina aangalie. Nilisimama na sufuria mkononi mpaka akamaliza. Siku mbili baadaye lori likaingia, miche ikapangwa karibu na ya kwetu, yenye utepe wa nailoni ule ule. Barasa aliinuka kutoka kwenye kreti lake, akashika mmoja, akakwaruza kwa ukucha chini ya kiungo. Alinionyesha. Shina la pasheni ya njano huwa na wekundu fulani. Hili lilikuwa kijani tupu. Walikuwa wameunganisha zambarau juu ya zambarau. Lilikuwa kovu la bure.

Nilimwendea Simiyu nikamwambia nilichoonyeshwa. Hakukana. Aliketi kwenye gunia la mbolea, akavua kofia, akasema ni mwaka huu mmoja tu, watu wanangoja, wakikosa kwetu watachukua kwingine na hawatarudi tena, na mwaka ujao yote itakuwa ya Barasa. Alisema pia kwamba si kila udongo una ugonjwa. Hilo lilikuwa kweli, na nililishika kama mtu anayeshika kamba. Nikarudi mezani. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Sasa nadhani haikuwa hivyo tu. Kila asubuhi watu wa wilaya tatu walikuwa wakiniuliza nimeamkaje, na sikuwahi kutafutwa hivyo maishani mwangu. Nilipenda kupendwa, na sikutaka kuwa mtu anayewaletea habari mbaya.

Mama Cherop ndiye aliyeuliza. Alikuwa amekwisha kung'oa viazi na kusimika nguzo. Alisema, "Hii ya safari hii ni ile ile ya Barasa? Wewe ukisema ni sawa, mimi nachukua." Siku zote nilimjibu kwa sauti. Siku ile niliandika, kwa sababu nilijua sauti yangu isingekubali. Ndiyo mama, niliandika, ni ile ile. Baada ya saa moja akanitumia sauti ya furaha: alikuwa amewaambia wanawake wa kanisa lake, na tisa kati yao wangechukua pia, wangekodi pikapu moja. Walimuuliza kama watu wa simu ni wa kuaminika, naye akawaambia, "Huyo msichana namjua." Mwezi ule ule mama yake alilazwa kwa ajili ya mguu, nami nilimwombea kwa sauti, ombi refu, nikiwa nimeketi kati ya miche ile.

Picha ya kwanza ilitoka Malakisi mwezi wa Septemba. Baba Nafula alipiga picha mti uliokuwa na matunda kama ishirini, majani yote yameanguka kana kwamba yamemwagiwa maji moto. Nilimpelekea Simiyu. Alitazama, akaniambia nimwambie amezidisha maji, na kwamba picha kama hizo zikitokea kwenye ukurasa nizifute, na anayerudia nimfungie asiandike tena. Nilifanya hivyo. Nilimwandikia Baba Nafula kwamba tatizo ni maji. Nimesahau maneno ya watu wengi wa mwaka ule, lakini majibu yake bado nayaona: POLE DADA. NI MIMI NIMEKOSEA. NITAPUNGUZA. Nilikuwa nimemuuzia mti wa kufa, naye alikuwa akiniomba msamaha. Kwa siku nne nilifuta komenti za watu niliowajua mpaka majina ya watoto wao. Siku ya tano ikaja picha kutoka Kapsokwony, bila maneno, kisha sauti ikiniuliza afanye nini. Niliweka simu mezani, nikamwambia Barasa kwamba nimekwenda, nikaondoka kupanda mlima hadi Kapsokwony.

Pikipiki ilinishusha juu ya barabara, mahali ambapo dereva alisema hata yeye hapaendi mvua ikinyesha. Hatukuwa tumewahi kuonana. Nilimtarajia mwanamke mkubwa, kwa ajili ya sauti yake, na aliyetoka jikoni alikuwa mdogo, mwembamba, mwenye sweta la kiume. Aliponiuliza mimi ni nani nikasema habari ya asubuhi, na hapo hapo akanitambua kwa masikio, akanikumbatia. Hakuniacha niseme neno kabla sijala. Alipika chai ya maziwa, akaniwekea viazi vya kuchemsha na mboga ya saga. Mama yake alikuwa ameketi karibu na moto, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, na Mama Cherop akamwambia kwa lugha yao, kisha akanitafsiria, kwamba huyu ndiye yule aliyemwombea. Bibi yule akanishika mkono. Nilikula viazi vile vyote kwa sababu sikujua jinsi ya kuvikataa.

Nilimwambia tukiwa shambani, mbele ya mistari aliyoifunga waya yeye mwenyewe. Karibu nusu ilikuwa imekauka. Nilimwonyesha shina la kijani, nikamweleza lori, utepe na sentensi niliyomwandikia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne tulikuwa tunaongea kila siku."

"Ndiyo, mama."

"Mwezi wa nne nilikuambia juu ya mguu ya mama yangu. Ukaniombea."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

Nikasema ndiyo. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alivua sweta akalitundika kwenye nguzo, akafunga leso kiunoni, akasema, "Hao wengine nitawaambia nini? Twende uwaambie mwenyewe." Tukaenda nyumba tisa, yeye mbele mimi nyuma, kwenye vijia vinavyopanda mpaka unashika majani kwa mikono. Kila nyumba alisema huyu ndiye msichana wa simu, kisha akanisubiri niseme. Mmoja alicheka, kicheko cha mtu aliyezoea kudanganywa. Mmoja alifunga mlango. Mmoja aliniuliza kama mwajiri wangu pia ana kanisa. Wa mwisho, mjane mwenye watoto wadogo, alinipa jembe, tukang'oa miti yake iliyokufa pamoja. Nilibaki kule siku tatu, nikang'oa shamba baada ya shamba, tukachoma. Hakuna aliyenishukuru, na sikustahili.

Niliporudi Kitale niliandika ukweli kwenye ukurasa, kwa jina langu, nikaeleza jinsi ya kukwaruza shina na kuangalia rangi. Kesho yake asubuhi maandishi yalikuwa yamefutwa na Simiyu alikuwa ameketi kwenye kiti changu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alionekana tu kama mtu ambaye hajalala. Alisema kwa utaratibu, "Watu hawa hawakunijua mimi, Wairimu. Walikujua wewe. Sasa unaniacha na nani?" Nikamwambia naondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa mkono. Baadaye nilisikia aliweka kijana mwingine kwenye simu, lakini watu hawakuitika tena, na mwaka uliofuata akahamia kuuza miti ya kupanda mipakani. Nikikutana naye sokoni Kitale tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, kila mmoja anashika njia yake.

Barasa naye aliondoka wiki ile ile. Kwake ni kijiji kilicho karibu na mji wa Bungoma, na alinipa pembe ya kiwanja chake, nyuma ya choo, ambapo tulisia mbegu za pasheni ya njano kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Nilipanga chumba mjini chenye dirisha linalotazama ukuta. Chakula chetu kilikuwa dagaa wa omena na sukuma wiki. Kila alasiri nilipiga simu, sikuandika, nikamwambia mtu mmoja mmoja kwamba mwezi wa tatu kutakuwa na miche ya badala, na kwamba siwauzii. Wengine walikata waliposikia ni mimi. Baba Nafula alikuja mwenyewe kwa baiskeli kutoka Malakisi. Alikunywa chai, akatazama mikebe, akaniambia polepole kwamba miti haikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba aligombana na mkewe kwa ajili ya maji, akamkataza kugusa hata ndoo, na mke alikuwa akimwambia udongo umekauka. Msimu ule alirudi kwenye tumbaku. Miche aliikubali baada ya miaka miwili.

Mama Cherop hakukata simu yangu. Alipokea, alijibu nilichouliza, akasema sawa. Asubuhi hazikuwa na jogoo tena. Nilijizoeza kuamka bila kuitazama simu, na nadhani uchovu nilionao ulianza hapo, kwa sababu unaweza kuomba msamaha kwa siku tatu na kuufanyia kazi kwa miezi sita, na bado mtu akawa na haki ya kunyamaza.

Mwezi wa tatu ulipofika alishuka Bungoma na wanawake wawili wa kanisa lake, mmoja wao yule aliyenifungia mlango. Barasa alikuwa ameipanga miche kwa mistari kwenye kivuli cha majani ya migomba. Niliwakaribisha chai. Mama Cherop akasema baadaye. Alichuchumaa mwanzo wa mstari, akainua mche wa kwanza, akaugeuza kwenye mwanga, akakwaruza kwa ukucha chini ya kiungo, akatafuta wekundu. Akauweka upande wa kulia. Akachukua wa pili. Alipitia yote hivyo, mmoja baada ya mwingine, kuanzia asubuhi hadi jua likaanza kuelemea upande wa pili, na kumi na mmoja akaiweka kushoto. Barasa, aliyejivunia mikono yake kuliko kitu chochote, alisema ile kumi na mmoja haina ubaya. Mama Cherop akamwambia kwa heshima, "Inawezekana, baba. Iache tu hapo." Mmoja wa wale wanawake akamuuliza kama hii basi ni ya kuaminika. Nilisubiri, nimeshika mrija wa maji mkononi.

"Yangu nimeangalia," alisema. "Yako angalia mwenyewe." Wale wawili wakachuchumaa.

Sikuenda kuketi. Nilichuchumaa karibu naye, nikawa nawapa mche mmoja mmoja, nikiugeuza kwenye mwanga ili waone vizuri. Tangu siku ile hakuna aliyenunua kwangu bila kufanya hivyo, na kwenye ukurasa wangu picha ya kwanza mtu anayoiona ni ya ukucha ukikwaruza shina. Meseji za sauti zilirudi baadaye, si kila siku, na si kama zamani. Kila mwaka kabla ya mvua Mama Cherop alishuka, akakataa chai mpaka amalize, akachuchumaa, hata miaka hii ya mwisho ambapo magoti yalimuuma mpaka nikamletea kigoda. Hakuacha kuangalia hata mara moja, wala hakuacha kuja.